Wekundu wa Mama Wameshindwa



Timu yetu imeshindwa. Ijumaa, tarehe 23 Februari 2024, Crusaders wa mji wa Christchurch walifungua msimu wao wa raga ugenini, katika mji wa Hamilton nchini New Zealand, wakashindwa na Chiefs kwa alama 33 kwa 29. Tunajua kwamba katika nyumba nyingi zinazosoma kijarida hiki habari hiyo haimnyimi mtu usingizi. Mombasa ni mji wa kandanda. Raga huku kwetu ni mchezo wa wachache, na hata hao wachache moyo wao uko kwa Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba. Sisi ni wanawake watatu wa nyumba moja, dada wawili na mama yetu mzazi, nasi tunaifuata timu ya mji ambao hatujaukanyaga, upande wa pili wa dunia, ambako usiku wao ni asubuhi yetu. Itatubidi tueleze jambo hili lilivyotufika, kwa maana bila ya maelezo hayo huzuni yetu ya wiki ile haitaeleweka.

Ndugu yetu wa mwisho kuzaliwa ni fundi wa umeme. Alijifunza kazi hapa hapa Mombasa, akaenda Dubai kama walivyokwenda vijana wengi wa pwani, na mwaka 2013 akapata mkataba Christchurch. Mji ule ulikuwa ukijengwa upya. Tarehe 22 Februari 2011, saa saba kasoro dakika tisa mchana, ardhi ilitetemeka, majengo yakaanguka, na watu 185 wakafariki. Mafundi kutoka nchi nyingi waliitwa kwenda kuinua kilichoanguka, naye akawa mmoja wao. Alifika mwezi wa Julai, ambao huko ndio kina cha baridi, akiwa hamjui mtu. Alitusimulia kwamba Jumatatu ya kwanza kazini hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi wala dini yake ni ipi. Waliloulizana ni jinsi walivyouona mchezo wa Jumamosi, naye akaulizwa vivyo hivyo. Wiki ya kwanza hakuwa na jibu. Wiki ya tatu alikuwa nalo.

Waliomfundisha raga walimfundisha pamoja na historia ya mji. Katika tetemeko lile uwanja wa Lancaster Park, ambao ulikuwa nyumba ya timu, uliharibika usifae tena, na msimu mzima wa 2011 Crusaders hawakucheza mchezo hata mmoja mjini mwao. Walicheza Nelson, walicheza Timaru, na mara moja mchezo uliokuwa wa nyumbani ukapelekwa hadi Twickenham, London. Pamoja na kuhangaika huko walifika fainali, wakashindwa na Reds wa Queensland 18 kwa 13. Ndugu yetu anasema kwamba wazee aliofanya nao kazi waliisimulia fainali ile waliyoipoteza kwa fahari kubwa kuliko vikombe kadhaa walivyovichukua. Tulipoyasikia hayo mara ya kwanza tuliyaona ni maneno ya watu wanaojiliwaza. Sasa, baada ya wiki ile, tunayaona kwa jicho jingine kidogo.

Basi yeye akaipenda timu, na kwa sababu kila alipotupigia simu alikuwa na habari zake, nasi tukaijua. Tukajifunza kwamba trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, nayo ina alama tano. Kwamba mkwaju unaofuatia una alama mbili, na wa adhabu alama tatu. Tukajifunza majina ya wachezaji. Mama, ambaye hana subira ya kuitazama kandanda kwa dakika kumi, alikuwa akiuliza habari za Richie Mo'unga, mchezaji wa namba kumi, kama anayeuliza habari za mtoto wa jirani.

Lakini palikuwa na jina.

Mama yetu hakusoma shule za serikali kwa muda mrefu, lakini madrasa alisoma, na Salahuddin anamjua. Siku alipouliza maana ya neno Crusaders na akaambiwa kwamba ni wapiganaji wa Msalaba, wale walioitikia mwito wa mwaka 1095, wakaiingia Baitul Maqdis mwaka 1099 na kumwaga damu ya watu wake, hadi Salahuddin alipoirudisha mwaka 1187, alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza ni nani aliyewapa. Tukamwambia wamejipa wenyewe, mwaka 1996, mashindano yalipoanzishwa. Na juu ya hayo, kabla ya kila mchezo wa nyumbani watu waliovaa mavazi ya kivita walikuwa wakizunguka uwanja juu ya farasi, panga mkononi. Ndugu yetu alijaribu kumtuliza kwa kumwambia kwamba huko hakuna anayefikiria Baitul Maqdis, ni mchezo tu, na kwamba Sonny Bill Williams, Mwislamu, aliwahi kuivaa jezi ile nyekundu mwaka ule ule wa 2011. Mama akasema Sonny Bill ni mtu mzima na jezi yake ni yake, lakini yeye ulimi wake hautalitamka jina lile. Toka siku hiyo anawaita Wekundu. Wageni wakimsikia hudhani ni shabiki wa Simba wa Msimbazi, naye hawasahihishi.

Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019 tuliamka kwa Swala ya Alfajiri tukakuta simu zimejaa ujumbe. Huko ilikuwa mchana. Mtu mwenye silaha aliwaingilia waumini wakati wa Swala ya Ijumaa, kwanza Msikiti wa Al Noor, ulio kando ya bustani ya Hagley, kisha kituo cha Kiislamu cha Linwood. Watu 51 waliuawa. Al Noor ndio msikiti anaoswali ndugu yetu. Hatutaieleza asubuhi ile kwa urefu, kwa kuwa kila aliye na mtu ugenini anaijua bila ya kuelezwa. Simu yake ilikuwa ikiita bila ya kupokewa. Mama alikaa juu ya mswala wake hakuinuka. Ilipofika saa mbili na nusu alipiga mwenyewe: alikuwa ametumwa kazi nje ya mji, na simu aliiacha garini. Alhamdulillahi. Lakini aliokuwa akiwapa mkono kila Ijumaa, baadhi yao walikuwa wamelala chini.

Mchezo wa timu yake uliokuwa uchezwe siku iliyofuata mjini Dunedin ulifutwa. Wiki moja baadaye maelfu walikusanyika katika bustani ya Hagley kwa Swala ya Ijumaa, adhana ikarushwa nchi nzima, na wanawake wasio Waislamu walijifunga mitandio kwa heshima ya wafiwa. Siku zile zile Ofa Tu'ungafasi, mchezaji wa timu ya taifa ya All Blacks, alisilimu baada ya kuwatembelea majeruhi pamoja na Sonny Bill. Haya yote ndugu yetu alitueleza, na Mama aliyasikiliza yote, kisha akamwambia neno moja: rudi.

Hakurudi. Alisema kwamba kuondoka wakati ule kungekuwa ni kuwaacha watu wake wa msikitini wazike peke yao. Alikuwa amekwisha kuoa huko, na mkewe alikuwa na mimba. Mama hakukubali na hakukataa, aliacha kusema. Kwa miezi simu zao zilikuwa salaam, hali, na kuagana. Sisi tuliokuwa tukiishika simu ile kati yao tulijua uzito wake.

Wakati huo kule kwao kulikuwa na mjadala wa jina. Farasi na panga ziliondolewa. Wakubwa wa raga waliagiza uchunguzi, watu wakaulizwa maoni, na mwishoni mwa Novemba 2019 ikatangazwa kwamba jina litabaki, ila nembo mpya itachorwa kwa sanaa ya Wamaori. Sisi, kama tungeulizwa, tungesema jina liondoke. Na hata leo ndiyo kauli yetu. Jina si mti uliojiotea. Lilichaguliwa mezani na watu, na watu wangeweza kulibadilisha mezani pale pale. Lakini hatuwezi kusema kwamba hakuna kilichofanywa, kwa kuwa mwenye kuondoa upanga ameondoa upanga. Ndugu yetu siku hiyo ya uamuzi alimpigia Mama akitarajia lawama. Mama akamwambia, "Wao wana jina lao, sisi tuna letu. Wekundu wanacheza lini?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno marefu ya kwanza baina yao tangu mwezi wa Machi, na yalihusu raga. Tangu hapo imekuwa ndiyo njia. Mchezo ukimalizika, kabla ya nusu saa kupita simu italia, na mama na mwana watazungumza: nani alicheza vyema, nani ameumia, mwamuzi alikuwaje. Ndani ya mazungumzo hayo hupita mengine yasiyoweza kupita peke yake. Kwamba mtoto ameanza kuhifadhi sura fupi fupi. Kwamba msikitini sasa kuna walinzi, na wapo watoto wanaowasalimu kwa majina. Kwamba Mama anaumwa na goti. Msimu ukifungwa, simu hupungua na kuwa fupi. Kwa hivyo mnaona kwa nini katika nyumba yetu mwezi wa Februari hungojewa kwa namna ambayo majirani hawaielewi.

Na kwa miaka saba, wasomaji wetu, mazungumzo hayo yalikuwa mepesi kwa sababu Wekundu walikuwa hawashikiki. Chini ya kocha wao Scott Robertson walichukua taji mwaka 2017, 2018 na 2019. Wakati wa korona, mashindano yalipofanywa ndani ya New Zealand pekee, wakayachukua ya 2020 na 2021. Kisha 2022 na 2023. Misimu saba, mataji saba. Ukiwa na timu ya namna hiyo huhitaji kuuliza unachokipenda ndani yake. Kila mtu anajua kufurahi.

Mwaka 2024 Robertson aliondoka, akapewa timu ya taifa. Mo'unga wa Mama alikwenda Japani. Sam Whitelock, nguzo ya miaka mingi, alikwenda Ufaransa. Will Jordan alikuwa ameumia bega. Kocha mpya alikuwa Rob Penney, mtu mwenye uzoefu, lakini fundi hajengi kwa mbao zilizokwisha kuchukuliwa na wengine.

Asubuhi ya Ijumaa kwetu ni wakati wa jikoni. Vitunguu vya biriani vilikuwa motoni, Mama anachagua mchele, na simu tuliiegemeza kwenye chupa ya siki ili kila mmoja aione. Ndugu yetu alikuwa akituletea matokeo kwa ujumbe, tarakimu tupu bila ya salaam, desturi yake akiwa na wasiwasi. Ilipokuja 33 kwa 29 tulidhani kuna jingine litafuata, kwa sababu alama nne ni chini ya trai moja. Pumzi moja tu ingetosha kugeuza mchezo. Halikufuata jingine. Tuliingoja simu. Nusu saa ikapita, ikapita saa. Wanaume wakarudi kutoka msikitini, sahani zikatandikwa, tukala. Haikulia.

Tunaandika makala haya kwa ajili ya saa zile zaidi kuliko kwa ajili ya mchezo. Tulikuwa tumehuzunika, kila mmoja akijificha huzuni yake kwa aibu, kwa kuwa ni jambo gani hilo, wanawake wa makamo kukosa ladha ya chakula cha Ijumaa kwa sababu ya wanaume kumi na watano wasiotujua? Mmoja wetu alisema kwa mzaha kwamba angalau wapiganaji wa Msalaba wamepigwa, tufurahi. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakucheka. Hapo ndipo tulipojua kwamba tunawapenda. Mzaha ule ungefaa kwa timu isiyo yetu.

Tunawapenda kwa sababu gani, ikiwa jina tumelikataa na taji limekwenda? Tulijaribu kujibu jioni ile tukiosha vyombo. Tulichokipata ni kwamba jezi ile ndiyo kitu cha kwanza ndugu yetu alichopewa na mji ule bila ya kuulizwa karatasi. Alikuwa fundi wa kigeni mwenye mkataba wa miaka miwili. Wakamfanya mtu mwenye maoni kuhusu mchezo wa Jumamosi. Na baada ya mwaka 2019, walipokuja kazini na hawajui waseme nini mbele yake, wenzake wale wale walianza na raga, kisha wakaweza kulia naye. Hakuna taji ndani ya jibu hilo. Hatukulitafuta lisiwemo, halikuwemo tu.

Simu ililia Jumamosi asubuhi. Alianza kwa kuomba radhi, akasema alikuwa amechoka. Alhamisi, siku moja kabla ya mchezo, ilikuwa kumbukumbu ya tetemeko, miaka kumi na mitatu, na mji mzima huwa mzito. Kisha akaingia kwenye mchezo na akautetea, kama tulivyotarajia. Akasema mwaka 2023 pia walifungua msimu kwa kushindwa, tena nyumbani, tena na hawa hawa Chiefs, 31 kwa 10, na mwezi wa Juni wakawashinda Chiefs hao 25 kwa 20 katika fainali, huko huko Hamilton. Akasema kushindwa kwa alama zisizozidi saba kunaacha alama moja kwenye msimamo, kwa hivyo hawakutoka mikono mitupu. Akasema mwaka 1996, msimu wao wa kwanza kabisa, walimaliza wa mwisho, na tazama walipofika.

Yote ni kweli, lakini sisi hatukushawishika. Mwaka 2023 walioshindwa mwezi wa Februari ndio hao hao walioshinda mwezi wa Juni. Mwaka 2024 wenye kushinda hawakuwapo. Tulidhani utakuwa mwaka mrefu, na tulimwambia hivyo, naye hakubisha sana. Mtu anayebisha kidogo juu ya timu yake ana jambo jingine kifuani.

Akalitoa. Amepeleka maombi ya uraia. Alieleza haraka haraka kwamba Katiba yetu ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwamba hatapoteza kitu, kwamba ni kwa ajili ya mtoto, kwamba nyumbani ni nyumbani. Maneno yalikuwa mengi kwa mtu ambaye hapotezi kitu. Sisi wawili tulimtazama Mama. Karatasi ni karatasi, lakini alielewa, kama tulivyoelewa, kwamba lile neno la mwaka 2019 limejibiwa.

Alikaa kimya tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Na huyu namba kumi wenu mpya, umri wake ni miaka mingapi?"

"Kijana bado, Mama."

"Basi mwacheni akue. Mo'unga naye hakuzaliwa anajua."

Wakaendelea kwa zaidi ya saa nzima. Hatukusikiliza yote, tulitoka ukumbini tukawaachia. Tulisikia akicheka mara moja, na mara moja tulimsikia akimuuliza mjukuu wake amefika sura gani.

Mwisho wa wiki iliyofuata timu zote kumi na mbili za mashindano haya wakati ule zilikutana Melbourne, Australia. Mama aliagiza tumtafutie saa, na alikuwa amekwisha kuitazama kalenda, kwa kuwa Shaaban ilikuwa inakatika na Ramadhani ingeukuta msimu ukingali mchanga. Michezo yao ya usiku ilianza saa moja na dakika tano, na magharibi ya Christchurch katikati ya Machi huingia kiasi cha saa mbili kasoro dakika kumi. Maana yake, akiwa uwanjani angefuturu mchezo ukiwa haujafika mapumziko, au umefika tu. Mama alipiga hesabu hiyo kwa vidole, mara mbili, na akasema tumwandikie achukue tende mfukoni, na za kuwapa waliokaa jirani naye.